Muhtasari Ulioandikwa Kabla ya Kikao

Ilipofika siku ya nne ya mafunzo, Alhamisi, karani wa baraza la mji aliyejulikana kwa jina la utani la Kauli Moja hakuwa tena na pa kuweka miguu yake. Aliikunja chini ya kiti, ikafa ganzi. Aliinyoosha, ikagonga kiti cha mhazini aliyekaa mbele yake, mhazini akageuka na kumtazama juu ya miwani. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cha kukalia saa moja kwenye sherehe ya jirani kisha uende zako. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa miaka arobaini na nane anayefundishwa sheria za vikao kuanzia asubuhi hadi jioni.

Walikuwa thelathini na wawili ukumbini, makarani na wahazini wa miji mbalimbali, baadhi yao wakiwa na wajukuu, wamerudishwa darasani kama watoto waliofeli. Amri ilitoka juu: kila karani wa baraza na kila mhazini wa mji awe na cheti cha taaluma kabla mwaka haujaisha, na asiye nacho "apangiwe majukumu mengine". Makarani ndio wanaoandika barua za namna hiyo, kwa hiyo hawadanganyiki nazo. Kupangiwa majukumu mengine maana yake ni kupewa meza karibu na choo na daftari la wageni.

Cheti chenyewe kilikuwa na masharti. Pale mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio lililosainiwa mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, siku zote tano. Ukiacha nafasi moja wazi, mtihani wa Ijumaa mchana huingii, unasubiri darasa la mwakani. Na mwakani ni baada ya mwaka kuisha, jambo ambalo mtu hahitaji kuwa mhazini ili alielewe.

Mkufunzi wao alikuwa mwanamke mwembamba, karani mstaafu, mwenye sauti ndogo iliyofika kila kona. Asubuhi hiyo alikuwa akifundisha uandishi wa muhtasari.

"Muhtasari ni picha ya kikao," alisema, akiwaangalia mmoja mmoja. "Na sijaona mpiga picha anayekuja na picha za harusi zikiwa tayari mfukoni."

Ukumbi mzima ulicheka. Kauli Moja naye alicheka, tena alicheka kwa nguvu kuliko jirani zake, kisha akajikuta anaizungushazungusha kalamu vidoleni hadi ikamponyoka na kubingirika chini ya viti. Aliiacha huko huko.

Maana huyo mpiga picha alikuwa yeye.

Jina la Kauli Moja alipewa na madiwani wenyewe, kwa sababu kila muhtasari wake uliishia na maneno yale yale: Baraza liliazimia kwa kauli moja. Madiwani wangeweza kutoleana maneno ya nguoni, wangeweza kushikana mashati, lakini ukija kusoma muhtasari utadhani walikuwa watakatifu watupu wanaopeana zamu ya kusema. Hilo watu walilijua na wakalifanyia mzaha. Wasilolijua ni kwamba muhtasari huo ulikuwa ukiandikwa kabla hata madiwani hawajaingia ukumbini.

Hakuanza kwa nia mbaya. Mwaka wake wa pili kazini alilemewa na kazi, akaamua kuichukua ajenda nyumbani na kuandika mapema yale aliyoweza kuyakisia. Ikawa kama mchezo. Diwani wa sokoni atapinga. Diwani wa bondeni atalala, akiamka ataomba taa za barabarani hata kama hoja ni mbwa wanaozurura. Mwenyekiti atatazama saa na kusema muda umetutupa mkono, na mikono itanyooshwa. Kikao kikakaa, watu wakabishana hadi koo zikawakauka, mwisho wa yote wakaangukia pale pale alipowaandikia. Alibadilisha mistari miwili tu. Tangu siku hiyo, miaka kumi na saba sasa, hakuandika tena muhtasari kwa njia nyingine. Miaka ya mwanzo alirudi mezani baada ya kikao akarekebisha sana. Miaka ya karibuni alirekebisha kidogo, na akajiambia kwamba ni uzoefu.

Kwa ajili ya kikao cha Jumatano ya wiki hii, ambacho asingekuwepo, alikuwa amejipita mwenyewe. Jumamosi alikaa ofisini peke yake akachapa muhtasari wote. Kisha akachapa na nakala ya azimio, ile karatasi moja inayokwenda kwa mhandisi wa ujenzi ili atekeleze, akaitia sahihi, akaigonga muhuri, akaifunga ndani ya bahasha. Jioni msaidizi wake alipopita, akampa bahasha hiyo na nakala ya mwenyekiti. "Kikao kikiisha, mpelekee mhandisi," alimwambia, akafunga muhuri kwenye droo na kuondoka na ufunguo.

Azimio lenyewe lilihusu jengo la nyuma ya soko, ambamo wafanyabiashara wanawake huwaacha watoto wao wachanga mchana kutwa. Mwenyekiti alitaka jengo hilo liwe gereji ya magari ya halmashauri, na alikuwa amehakikisha mapema kwamba kura anazo. Mlezi mkuu wa kituo hicho cha watoto alikuwa mdogo wake Kauli Moja, tumbo moja. Hakumwambia. Alijiambia kazi ni kazi, na kwamba mtu hawezi kuzuia mvua kwa sababu dada yake kaanika nguo. Lakini alipokuwa akichapa maneno "kwa kauli moja" siku ile ya Jumamosi, uso ulimwaka moto, na alichapa haraka ili amalize.

Saa nne wakatoka kwa chai. Simu zao zilikuwa zimekusanywa kwenye kapu, na ya kwake ilikuwa imezima tangu jana kwa sababu bwenini umeme ulikatika. Aliichomeka ukutani karibu na birika. Ilipowaka tu, ikaanza kulia.

"Dada! Wewe mtu, nimekutafuta tangu jana hadi vidole vinaniuma!" Alikuwa mdogo wake.

"Umeme ulikatika huku. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima, kila mtu mzima. Tumeshinda, dada! Wamelikataa! Kumi na mmoja kwa watatu!"

"Wamekataa nini?"

"Gereji yao! Unauliza nini tena, si wewe ndiye karani? Kumbe ulijua hukuniambia, hilo tutaongea siku nyingine, leo sina hasira na mtu. Akina mama walijaa kule nyuma na watoto mgongoni, mmoja akamwambia mwenyekiti, kama magari yanakosa pa kulala, kayalaze sebuleni kwako. Watu hoi! Na diwani wa bondeni, dada, kaamka! Kaamka, kasimama, kaongea robo saa, wala hakutaja taa!"

Kauli Moja alishika ukingo wa meza. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, na hakukumbuka amekijaza saa ngapi.

"Upo?"

"Nipo."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, mdogo wangu. Ngoja nikupigie."

Alimpigia msaidizi wake. Huyu alikuwa mzee mtaratibu aliyebakiza miezi minne kustaafu, ambaye katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuchelewa wala kuuliza swali.

"Ile bahasha," alisema Kauli Moja bila salamu. "Niambie bado unayo."

"Shikamoo haipo siku hizi?" msaidizi alicheka. "Nimeipeleka jana, saa tisa kamili. Kama ulivyoagiza."

"Lakini si ulikuwepo kikaoni? Si ulisikia walivyoamua?"

"Nilisikia," alisema mzee. "Na niliona haviendani. Lakini nikasema, huyu mama ana miaka kumi na tisa hapa, sahihi ni yake, muhuri ni wake. Nikadhani kuna jambo unalijua ambalo sisi hatulijui."

"Mwenyekiti je?"

"Nilimpa nakala yake. Akaisoma, akacheka peke yake, akaitia mfukoni. Akasema, karani wetu hana mpinzani."

Alimpigia mhandisi wa ujenzi, mtu wa maneno machache, akamweleza kwamba azimio lile lina makosa na asimamishe kila kitu.

"Karani," alisema mhandisi, "mafundi wangu wanaanza kesho saa moja asubuhi. Wanang'oa milango, wanabomoa kuta za ndani. Ninayo karatasi yenye sahihi yako. Na wewe ndiye uliyenigombeza mwaka juzi, ukaniambia simu si hati."

"Najua nilisema."

"Basi niletee hati. Barua yako, yenye muhuri, kabla ya saa kumi leo. Baada ya hapo nakwenda kwenye eneo la daraja, sirudi mpaka Jumatatu, na mafundi hawatamsikiliza mtu mwingine."

Muhuri ulikuwa kwenye droo. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake. Mji ulikuwa mwendo wa saa tatu kwa basi, na saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini. Hapo hata asiyejua kuhesabu angeona: akiondoka sasa atawahi, na nafasi yake ya saa nane mchana itabaki wazi kwenye daftari. Akibaki, kesho saa nane atakuwa anaandika mtihani, na watoto arobaini watakuwa wamekaa nje juani, mama zao wakionyeshwa karatasi yenye jina lake.

Alizunguka meza ya chai mara mbili bila kuchukua kitu. Alikwenda mlangoni, akarudi. Akafungua mkoba, akaufunga.

"Kwani mwenzetu umekalia siafu?" Alikuwa yule mhazini wa kiti cha mbele, mkate mkononi. Alitoka mji mwingine kabisa, mcheshi, na kwa siku nne walikuwa wameshirikiana chai na umbea. Kauli Moja alimweleza yote, kwa sauti ya chini, akirukaruka maneno. Hakuwahi kumweleza mtu, na alipomaliza alijisikia kama aliyevuliwa nguo.

Mhazini hakushtuka hata kidogo.

"Hilo tu? Mimi nilidhani kuna msiba. Nenda. Saa nane nakusainia mimi."

"Unisainie vipi?"

"Kwa kalamu! Sahihi yako nimeiona siku nne, mkia mmoja juu, mkia mmoja chini, mtoto wa shule anaiweza. Mkufunzi yule anahesabu sahihi, hahesabu vichwa. Kesho alfajiri unarudi, unafanya mtihani wako, unapata cheti chako. Na huko kwenu unakuwa umeshazima moto. Nani atajua?"

Mungu amsamehe, alitamani. Ulikuwa mpango mzuri, hauna shimo popote. Alimtazama yule mwanamume mwema, makombo ya mkate kwenye tai, anayetaka kumsaidia kwa moyo mmoja, akaona ni vile vile alivyowasaidia yeye madiwani wake miaka yote ile.

"Hapana," alisema. "Nafasi yangu iache wazi."

"Usiwe na kichwa kigumu, mama. Ni kajistari kamoja."

"Sitakuwepo. Iandikwe kwamba sikuwepo."

"Utamwaga unga kwa ajili ya kajistari!"

"Iache wazi, nakuomba. Ukisaini nitajua, na sitakusamehe."

Mhazini alinyanyua mabega, akamega mkate. Alikuwa ameumia kidogo, na Kauli Moja hakuwa na muda wa kumbembeleza. Mkufunzi alikuwa amesimama mlangoni karibu na daftari, akipangusa miwani.

"Unaondoka," alisema mkufunzi, bila kuuliza.

"Naondoka. Saa nane sitakuwepo."

"Unajua maana yake."

"Najua, mwalimu."

Mkufunzi alivaa miwani akamtazama vizuri. Huenda alikisia, maana naye alikuwa karani maisha yake yote, na huenda na yeye alikuwa na Jumamosi zake. Alisema tu, "Basi wahi, jua lisikukute njiani," akarudi ndani.

Basi lilimkera kwa kila kituo lililosimama. Alifika saa nane kasoro dakika tano, na alipokuwa akipandisha ngazi za ofisi, saa ya mkononi ikaonyesha saa nane kamili. Kule ukumbini walikuwa wanapanga foleni mlangoni. Alijua nani yuko mbele ya nani. Alipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yameshalikataza.

Msaidizi wake alisimama alipomwona. "Umekuja? Na mafunzo?"

"Niletee karatasi yenye kichwa cha halmashauri. Lete nyingi."

Alikaa kwenye mashine. Alikuwa mwandishi hodari wa barua, hakuna aliyempinga kwa hilo, na barua ya kwanza ilimtoka yenyewe. Kutokana na hitilafu ya uchapaji iliyojitokeza. Alisoma, akaichana. Kosa la uchapaji hugeuza tarehe au tarakimu, haliwezi kugeuza kura kumi na moja. Mhandisi angempigia mwenyekiti kuuliza, na mwenyekiti angesema hakuna hitilafu yoyote, endelea na kazi. Barua ya pili ilisema kumetokea mkanganyiko katika utunzaji wa kumbukumbu. Nani aliyechanganya? Mkanganyiko umetokea wenyewe, umeingia dirishani. Akaichana na hiyo.

Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa.

"Andika ni mimi," alisema msaidizi kutoka kwenye meza yake. Alikuwa amemtazama muda wote huo. "Andika msaidizi alikosea bahasha. Nimebakiza miezi minne, watanifanya nini? Wataniacha niende nyumbani mapema nikapumzike."

"Wewe hukukosea bahasha."

"Sisi wawili tu ndio tunaojua."

"Mzee wangu," alisema Kauli Moja, "hebu acha kunitendea wema."

Aliandika barua ya tatu. Ilikuwa fupi kuliko barua zote alizowahi kuandika, na ilimchukua muda mrefu kuliko zote. Mimi, karani wa baraza, nilichapa azimio hili na kulitia sahihi siku ya Jumamosi, siku nne kabla ya kikao. Si uamuzi wa baraza. Baraza lilikaa Jumatano na kulikataa pendekezo hili kwa kura kumi na moja dhidi ya tatu. Nakala zitumwe kwa mwenyekiti na kwa madiwani wote. Alifungua droo, akatoa muhuri, akaugonga. Ulitoka vizuri, wa bluu, duara kamili.

Ofisi ya mhandisi ilikuwa upande wa pili wa ua, chumba chenye ramani zilizokunjwa kila mahali na kabati refu la chuma. Saa tisa na nusu alikuwa amesimama mbele ya meza yake. Mhandisi alisoma barua mara ya kwanza, akavuta taa karibu, akasoma mara ya pili. Kisha akachukua simu.

"Kesho msiende sokoni," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Nimesema msiende. Kazi imefutwa." Akakata.

Ilikuwa imekwisha. Kauli Moja aliketi kabla hajakaribishwa. Simu yake ikatetemeka mkobani, bila shaka ni mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu saa nne alivuta pumzi ikafika chini. Watoto watalala pale pale wanapolala. Cheti hakuna, cheo hakuna, mwenyekiti atataka kumla mbichi Jumatatu, lakini kuta zimesimama. Alifikiri, basi, nimelipa. Alikuwa karibu kucheka.

Mhandisi hakucheka. Alikuwa bado ameshika barua.

"Hapa umesema uliandika kabla ya kikao."

"Ndiyo."

"Ni mara ya kwanza?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amechoka mno kutunga.

"Hapana."

"Mara ngapi?"

"Huwa ndivyo ninavyofanya," alisema. "Naandika kwanza, halafu narekebisha. Mara nyingi hakuna cha kurekebisha. Nawajua watu wangu."

Mhandisi aliinuka taratibu, akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya chini. Alipekua bila haraka, kwa namna ya mtu anayejua anachokitafuta na ambaye hataki kukipata. Akarudi na karatasi moja iliyoanza kuwa njano pembeni, akaiweka mbele yake.

Lilikuwa azimio la miaka sita iliyopita. Vibanda ishirini na vinne vya nyuma ya stendi viondolewe ndani ya siku saba. Baraza liliazimia kwa kauli moja.

"Nilivivunja mimi mwenyewe," alisema mhandisi. "Nilikuwepo, sikutuma mtu. Kulikuwa na mama mmoja mshonaji, alinishika mguu wa suruali, akaniambia, baba, diwani wetu katuambia walikataa, subiri umuulize. Nikatoa karatasi hii, nikamsomea. Nikamwambia, mama, karani wa baraza haandiki asichokisikia. Akaniachia mguu. Akaenda kukusanya vitambaa vyake."

Kauli Moja alitazama sahihi yake. Mkia mmoja juu, mkia mmoja chini.

"Waliazimia kweli?"

Alifumba macho akakitafuta kikao hicho. Aliuona ukumbi, viti virefu, feni inayozunguka kwa kuchechemea. Alimwona mwenyekiti akitazama saa. Aliona mikono ikinyooshwa, mingi, mikono yote. Lakini mikono hiyo aliiona katika kila kikao alichowahi kukiwaza, na alipojaribu kuona mkono wa nani, wa diwani gani, ulivaa shati gani siku ile, hapakuwa na kitu, palikuwa na maneno yake tu yaliyochapwa vizuri. Alijaribu tena, kwa bidii, hadi kichwa kikamuuma. Huenda waliazimia. Huenda walibishana, wakagawanyika, na yeye akawa na kazi nyingi jioni ile, hakurudi kurekebisha.

"Diwani wao si yupo? Tumuulize," alisema.

"Alishafariki. Niambie wewe." Mhandisi aliinamia meza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya kazi, na sasa alikuwa anaomba. "Niambie ndiyo tu, karani. Ukisema ndiyo nakuamini, narudisha karatasi kabatini, tunafunga ofisi. Sitakuuliza nyingine hata moja."

Ndiyo ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa neno dogo, na lingemfaa kila mtu chumbani humo.

"Sijui," alisema.

Mhandisi alikaa chini. Nje mtu alikuwa anafunga madirisha ya ofisi za jirani, moja baada ya jingine.

"Basi mimi," alisema mhandisi, "nilivunja kwa amri ya nani?"